Stelingi nzito ya Land Rover ya zamani: kabla hujafunga pawa, pima upepo wa tairi

Mwana Arua (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu wa magari ya zamani, salaam kutoka Arua.

Nina Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, petroli ya lita 2.25, ya mwaka 1974. Ilikuwa ya baba mdogo. Alipoacha kazi za ujenzi aliniita nyumbani, akanipa ufunguo na kuniambia neno moja: "Usiiuze." Sijaiuza na sina mpango huo, lakini miezi minne ya kwanza ilinitoa jasho kwelikweli kwa sababu ya stelingi.

Najua Series hazikutoka kiwandani na pawa, yaani kisaidizi cha kugeuza usukani, na sikutegemea kuzungusha usukani kwa kidole. Ila uzito wa hii ulipita kiasi. Kugeuza gari sokoni ilibidi ninyanyuke kwenye kiti ndiyo nipate nguvu. Nilipokwenda Kampala, karibu kilomita 500 kupitia Pakwach na Karuma, nilifika mabega yamekaza hata kuinua kikombe cha chai ni kazi. Mke wangu, ambaye ameendesha pikapu miaka yote, aliligusa mara mbili tu akasema basi.

Kila niliyemuuliza alinijibu moja kati ya mawili: "Gari la zamani ndivyo lilivyo", au "Funga pawa." Kuna fundi hata alishanipigia hesabu ya boksi ya stelingi, pampu, mipira ya oili na vyuma vya kuchomelea kwenye chesisi. Nilikuwa nimeanza kutafuta hizo pesa.

Kilichoniokoa ni dereva wa lori tuliyekaa naye kivulini Karuma tukingoja mvua ipungue. Aliziangalia tairi zangu za mbele, akaenda kwenye kabati lake la vifaa, akarudi na kipima upepo cha fimbo. Kushoto pauni 17 kwa inchi ya mraba. Kulia 19. Nikamwambia haiwezekani, jana yake tu nimejaza na kuambiwa ni 28 pande zote mbili. Akanijibu kwa upole: "Mzee, hiyo 28 uliisoma kwenye kipima cha nani?"

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja pale ninapojaziwa upepo. Kipima kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari, kioo kina ufa, hakijachomekwa kwenye tairi yoyote, na sindano imelala kwenye 10. Hapo hesabu ikajifunga yenyewe: kila 28 niliyojaziwa ilikuwa kama 18. Kijana anayejaza hakuwa na nia mbaya, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sindano lazima irudi sifuri.

Nikanunua kipima changu. Kitabu cha gari kinasema pauni 25 mbele, na nyuma zaidi kulingana na mzigo. Lakini hiyo 25 ni ya enzi za tairi za nyuzi za kukatizana, zilizokuwa nyembamba na zenye ubavu mgumu. Zangu ni redio (radial) 7.50R16. Redio ubavu wake ni laini, hulala zaidi barabarani, kwa hiyo kwa 25 usukani bado unavuta kidogo. Nikaweka 28 mbele, na nyuma 36 kwa sababu huwa nabeba. Nikapaka chaki mstari mnene kuvuka uso wa tairi, nikaenda mita mia mbili kwenye lami na kurudi. Chaki ilifutika sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa 19 ilikuwa imefutika kingo tu, katikati imebaki nyeupe.

Nimepima na uzito wenyewe, maana sitaki kuwapa maneno matupu. Nilichukua mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki, nikaifunga kwa kamba kwenye ukingo wa usukani, gari limesimama kwenye saruji, nikavuta hadi magurudumu yaanze kugeuka. Kwa upepo wa zamani, kilo 19. Kwa 28, kilo 14. Kilo tano zimeondoka kwa upepo tu, bila kufungua bolti hata moja.

Sasa naomba msaada wenu. Nafuu nimeipata, ila kuna kitu kingine. Nikishakata kona, usukani haurudi wenyewe. Nauachia kidogo, unabaki pale pale nilipouacha, mpaka niurudishe kwa mkono. Na hata nikiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 bado nausikia mzito. Aliyepitia haya anieleze.

---

Binti Busia

Asante kaka kwa uzi huu. Mimi nina Land Cruiser BJ40 ya 1979, haina pawa. Fundi wangu aliniambia dawa ya stelingi nzito ni kujaza upepo mwingi, akaniwekea 45 mbele. Ni kweli imekuwa nyepesi sana mjini. Ila barabara ya vumbi gari linarukaruka kama mbuzi, na juzi kwenye mvua nilifunga breki likateleza mpaka kwenye mtaro. Sikuumia. Je, ni huo upepo au tairi zimeisha?

---

Mwana Arua

Pole sana dada, na tushukuru ulitoka salama.

Mkanyago wa tairi upime pia, lakini hiyo 45 mimi ningeitoa leo. Fikiria gurudumu linalobeba kilo 350. Kwa hesabu ya juu juu, bila kuhesabu ugumu wa ubavu wa tairi, kwa pauni 28 unyayo wake unaogusa chini ni karibu sentimita za mraba 180. Kwa pauni 17 unafika kama 290, ndiyo maana usukani unakuwa kama umezikwa. Kwa 45 unashuka kuwa kama 110. Usukani ni mwepesi kwa sababu hakuna mpira wa kutosha chini, na ni mpira huo huo unaotegemewa kufunga breki na kukata kona. Kwenye barabara iliyojikunja kama bati tairi ngumu hairambi vile vituta, inaruka juu yake, na ikiwa hewani haina breki wala stelingi.

Angalia kitabu cha gari lako au kibandiko kama bado kipo, anza na namba yake, halafu fanya ile chaki. Ikifutika katikati tu, punguza. Ukishaweka upepo sawa na stelingi ikawa nzito tena, usirudi kwenye 45. Hapo ujue kuna kitu kimekaza kwenye vyuma, na huo upepo mwingi ulikuwa unakifunika tu.

---

Fundi Mzee Katwe

Mwanangu wa Arua, umefanya vizuri kuanza na upepo, na umefanya vizuri zaidi kuona kwamba usukani haurudi. Hiyo ni dalili yenyewe. Nimefungua hizi Series tangu ujana wangu, nikuambie ninavyozitenganisha.

Uzito wa tairi husikika gari likiwa limesimama au likitambaa, na ukishashika mwendo unapungua sana. Uzito wa vyuma kukaza haujali mwendo, uko nawe kwenye 5 na uko nawe kwenye 60, na usukani unakataa kurudi. Kingpini, zile pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, zimelazwa nyuzi kama 3 kwa nyuma makusudi ili magurudumu yajinyooshe yenyewe baada ya kona. Yasipojinyoosha, kuna kitu kinayashika.

Fanya hivi. Inua mbele kwa jeki, weka stendi imara chini ya ekseli, magurudumu yote mawili hewani. Chukua ile mizani yako ya samaki, nimeipenda, vuta tena. Utakachosoma hapo hakihusiani na tairi kabisa.

Kisha chomoa boljointi (kiungo cha tufe) ya fimbo inayotoka kwenye mkono wa chini wa rilei kwenda kwenye gurudumu. Rilei ni kile kichupa cha chuma kilichosimama ndani ya chesisi mbele, nyuma ya grili, chenye mkono mmoja juu na mmoja chini. Watu wengi hawajui kama kipo, wanapita tu wakienda kwenye boksi. Ukishachomoa, shika gurudumu uligeuze kwa mikono. Likiwa gumu, tatizo ni kwenye swiveli, lile tufe linalong'aa nyuma ya gurudumu. Likiwa jepesi, geuza usukani. Usukani ukibaki mgumu, chomoa na boljointi ya mkono wa juu. Sasa rilei iko peke yake na boksi iko peke yake. Shika mkono wa rilei uuzungushe. Unatakiwa kuwa na ukinzani laini, wa usawa. Ukikwama na kuachia, ukikwama na kuachia, basi umempata mwizi wako.

Na hapa nisikilize vizuri. Usiifungue rilei kwa pupa. Ndani kuna springi kali iliyobanwa kati ya bushi zilizopasuliwa. Ukigonga shafti itoke bila kuizuia, vinaruka kama risasi. Nimewahi kuona kipande kikitoboa bati la mlango wa karakana, na aliyekuwa akigonga alikuwa ameinamisha kichwa kwa bahati tu. Ifunge ndani ya gunia zito, kaza kamba, uso wako uwe pembeni. Kama hujawahi, mpe aliyewahi.

---

Dereva Karamoja

Nachangia kwa upande wa porini. Mimi niko njia za Moroto, Kotido, Kaabong, na Series IIA fupi. Huku kuna mchanga wa mito iliyokauka, na mvua ikinyesha kuna udongo mweusi unaoganda kwenye gurudumu mpaka linajaza matope yote chini ya bodi.

Mchangani nashusha hadi 16 au 18 mbele na nyuma. Gari linapanda juu ya mchanga badala ya kuchimba. Stelingi inakuwa nzito, hiyo haikwepeki, na dawa yake ni kutogeuza usukani gari likiwa limesimama. Liachie litambae kwanza, hata nusu ya mzunguko wa gurudumu, ndipo ukate. Hili ni kwa kila mtu asiye na pawa hata mjini. Kugeuza limesimama unasaga tairi, unachosha boljointi na unajichosha mwenyewe.

Lakini rimu zetu ni za tyubu. Upepo ukiwa mdogo na ukikanyaga mafuta kwa nguvu, tairi inateleza juu ya rimu, inavuta tyubu, na tyubu inang'oa shingo ya valvu. Nilijifunza hilo saa nane mchana, maji ya kunywa yamebaki lita mbili. Siku hizi nimechora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye rimu kuingia kwenye ubavu wa tairi. Mistari ikiachana, nasimama, natoa upepo wote, narudisha valvu iwe wima, najaza tena.

Na ukitoka mchangani, kabla ya barabara ya kasi, jaza. Pampu ya mguu inachosha, ila tairi ya pauni 16 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa inachemka mpaka inapasuka. Kingine kidogo: usizungushe vidole gumba ndani ya usukani. Series hazina wa kukupokelea pigo. Gurudumu likigonga jiwe, mkono wa usukani unarudi kwa kasi na kidole gumba kinavunjika. Viweke juu ya ukingo, sambamba na vingine.

---

Matoke Mbarara

Mimi nataka kusema jambo ambalo hakuna aliyeligusa, na lilinipotezea siku tatu nzima nikibadilisha vitu vizima.

Stelingi yangu ilikuwa nyepesi barabara ya vumbi, nikifika lami kila kona inakuwa kama nasukuma ukuta, na gari linagugumia. Nikapima upepo, sawa. Nikaongeza oili ya boksi, wapi. Kumbe fo-wili ilikuwa imeingia. Nilikuwa nimebonyeza kile kitufe cha njano nikipanda shamba, nikasahau.

Magari haya hayana difu ya katikati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Kwenye kona magurudumu ya mbele yanakwenda njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye udongo yanateleza kidogo yanapatana. Kwenye lami hayatelezi, kwa hiyo mashafti yanajipinda na wewe unapigana nayo kwa mikono. Kukitoa kitufe: simamisha gari, vuta ule mkono mwekundu nyuma, kisha urudishe mbele, kile cha njano kinaruka juu chenyewe. Kama kimekataa, rudi nyuma mita chache usukani ukiwa umenyooka, kitaachia.

Nikiwa nimebeba mikungu mpaka juu, mbele kunakuwa kwepesi na usukani mwepesi mno, gari linatangatanga. Watu hufurahia huo wepesi. Mimi siufurahii hata kidogo.

---

Kijana wa Jinja

Naomba kuuliza wakubwa. Nimepata 109 ya mtu, ameweka tairi pana sana, rimu zimetokeza nje ya bodi, na usukani mdogo wa gari la michezo. Inapendeza machoni lakini sijawahi kushika kitu kizito namna hii. Upepo nimeweka 30. Nifanyeje?

---

Fundi Mzee Katwe

Mwanangu, hapo vitu vitatu vimekukalia kwa pamoja.

Usukani wa kiwandani una upana wa karibu sentimita 43. Kama huo wako ni 35, umejiongezea nguvu inayotakiwa kwa zaidi ya moja ya tano, hata kama kila kitu kingine ni kizima. Rudisha mkubwa. Ukubwa wake ndiyo pawa uliyopewa na kiwanda.

Rimu zilizotokezwa nje zinalisogeza gurudumu mbali na mstari wa kingpini. Badala ya tairi kujizungusha karibu na mahali lilipo, inakokotwa kwenye duara. Uzito unaongezeka, na kila jiwe linarusha usukani zaidi. Rudisha rimu za kawaida.

Tairi, kama hupati 7.50R16, chukua 235/85R16. Urefu wake ni karibu sawa, upana umezidi kidogo tu. Na ukinunua za mtumba soma zile tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni. 2309 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2009. Mpira wa miaka hiyo hata ukiwa na mkanyago mzuri umeshakauka. Na usichanganye redio na za nyuzi za kukatizana kwenye ekseli moja, hata kwa siku moja.

---

Mwana Arua

Nimerudi baada ya wiki tatu, na namshukuru sana Mzee wa Katwe. Shikamoo mzee.

Nilifanya kama ulivyoelekeza. Magurudumu hewani, mizani ya samaki ikasoma kilo 6. Kilo sita, na hakuna tairi inayogusa chini! Nikachomoa boljointi ya chini, na ya fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele. Gurudumu la kulia likageuka vizuri, la kushoto lina ubishi. Nikachomoa ya juu, nikashika mkono wa rilei. Ulikwama, ukaachia kwa mlio, ukakwama tena. Nilikaa chini ya gari nikaurudia mara kumi, kwa sababu miezi yote ile nilikuwa nimeambiwa ni uzee wa gari, na kumbe uzee wenyewe nimeushika kwa mkono mmoja.

Tulipofungua bolti mbili za juu za rilei, ndani hakukuwa na oili. Kulikuwa na unyevu mwekundu kama chai ya rangi. Inaonekana kwa miaka mingi hakuna aliyejua kama inajazwa. Kuitoa kwenye chesisi kulituchukua siku mbili, kuloweka kwa dizeli, kupasha moto, na kuisukuma kwa jeki kutoka chini. Hatukuthubutu kuifungua wenyewe. Nilipata nyingine iliyokarabatiwa, kwenye vipuri vya Kisekka, Kampala, nikaizungusha mkononi pale pale dukani kabla ya kulipa. Tukaijaza oili ya gia EP90 kwa bomba la sindano kupitia tundu moja, tundu la pili likiwa wazi ili hewa itoke. Inakunywa polepole, inataka subira.

Swiveli ya kushoto: shimu (vibati vyembamba vya kujazia nafasi) za kingpini ya juu zilikuwa zimepunguzwa. Baba mdogo alikumbuka kwamba miaka ya nyuma usukani ulikuwa ukitetemeka, na mtu "akaikaza". Kupunguza shimu kunabana, mtetemo ukaisha na ubishi ukaanza. Tumerudisha shimu, tumeweka bushi mpya ya juu ya Railko na oili mpya. Kisha nikafunga uzi kando ya magurudumu nikapima mbele na nyuma ya rimu. Kitabu kinataka mbele kuwe kumebana kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Yangu ilikuwa imefunguka kwa milimita 5. Nimeirekebisha.

Mizani sasa: hewani kilo 2. Kwenye saruji, na upepo 28, kilo 10. Kutoka 19. Na nikitoka kwenye kona nikilegeza mikono, usukani unarudi wenyewe, taratibu, mpaka katikati. Jumamosi mke wangu aliomba ufunguo bila mimi kusema kitu, akaenda sokoni, akarudi, akaniuliza kama hizo kilo za mizani zinaweza kupungua zaidi.

---

Fundi Mzee Katwe

Marahaba mwanangu. Kazi safi. Nyongeza moja: kama una habu (vitovu vya magurudumu) za kufungua na kufunga mbele, usiziache wazi mwaka mzima kwa ajili ya kuokoa mafuta. Shafti isipozunguka, oili ya ndani ya swiveli hairushwi juu, na ile bushi mpya uliyoweka itakaa kavu. Zifunge uende nazo kilomita chache kila mwezi.

---

Mkiga Kabale

Mimi nina swali la upepo. Nikijaza 28 hapa Kabale asubuhi, baridi kali, nikifika Pakwach kipima kinasoma kingine. Mara 30, mara 27. Nimeshabadilisha vipima viwili. Kipi kinanidanganya?

---

Mwana Arua

Hakuna kinachokudanganya kaka. Kipima kinasoma tofauti kati ya upepo wa ndani ya tairi na hewa ya nje. Kabale iko karibu mita 2,000, Pakwach chini ya mita 700. Ukishuka, hewa ya nje inakuwa nzito zaidi, kwa hiyo kipima kinashuka kwa karibu pauni 2 hata kama tairi haijatoa kitu. Upande wa pili, kila joto linapopanda kama nyuzi 5 au 6, upepo unapanda kwa karibu pauni 1, na Pakwach ni joto. Halafu ukipima ukiwa umetoka mbio, tairi yenyewe imechemka. Vitu vitatu vinavutana. Lala, amka, pima asubuhi pale ulipo kabla jua halijagonga tairi, na rekebisha hapo. Ukitoa upepo mchana kwa sababu kipima kimesoma 31 tairi ikiwa moto, kesho asubuhi utakuwa chini.

Huo moto nao unasaidia kujua jambo. Mimi napima baridi, kisha napima tena baada ya saa moja ya barabara. Ikipanda pauni 4 hivi, nipo sawa. Ikipanda 6 au zaidi, tairi inajikunja mno, maana yake nilianza na upepo mdogo au nimezidisha mzigo.

---

Binti Busia

Narudi na habari. Nilitoa ile 45, nikaenda kidogo kidogo na chaki mpaka 32 ndiyo ikafutika sawa kwenye gari langu. Asubuhi 32, baada ya saa moja ya barabara 36. Usukani ukawa mzito tena kama kaka alivyosema, nikainua mbele kwa jeki. Ule mkono wa katikati wa stelingi ulikuwa mkavu, haujaona grisi sijui tangu lini. Tumepiga grisi mpaka ya zamani ikatoka nyeusi pembeni. Bado si nyepesi kama kwa 45, lakini jana kulinyesha, nikafunga breki pale pale nilipoteleza juzi, na gari lilisimama limenyooka.

---

Mwana Arua

Nimefurahi sana kusikia hivyo dada. Pima na ile ya akiba. Mimi yangu iko juu ya boneti, naiona kila siku nikiendesha, na nilipoipima ilikuwa na pauni 8.